Bei ya Hisa Zangu

Jumapili ni siku mbaya kwa mtu anayeishi peke yake. Pale mtaani Kongo, Kawangware, kila mlango una wageni na harufu ya nyama, na mimi niko na redio. Ndiyo maana nilikuwa nakanyaga kwa miguu mpaka mtaa wa Sarang'ombe kucheza soko la hisa. Usicheke. Pesa zilikuwa karatasi tu, tulizikata wenyewe kwenye ukumbi wa kanisa.

Mwalimu aliyekuwa akitufundisha mchezo huo aliona hisa za kampuni kubwa zinatusinzisha, akasema kila mtu auze hisa za kazi yake. Za mama chapati watu walizigombania. Za kinyozi vilevile. Mimi ni fundi wa saa, na siku hizi nani anavaa saa? Zangu zilichukuliwa siku ya kwanza, hata sikuona na nani, halafu kimya.

Hisa isipouzwa wala kununuliwa, lazima mtu aikadirie bei, la sivyo mchezo unakwama. Kazi hiyo nilipewa mimi, eti kwa sababu sina maneno mengi. Nilikuwa naangalia iliuzwa kwa ngapi mara ya mwisho, kisha kazi inayofanana nayo inaendaje. Yangu niliilinganisha na ya fundi viatu, nikaishusha. Wiki iliyofuata nikaishusha tena, watu wasiseme najipendelea. Ukweli ni kwamba nilitaka iwe rahisi mpaka mtu, yeyote yule, aseme haya, nataka moja. Hakuna aliyesema. Iliniuma, na nilikuwa narudi nyumbani nimenuna.

Siku moja mama mmoja mshonaji akanijia amefura. Hatukuwa tumewahi kuongea zaidi ya "sasa" na "poa".

"Fundi, mbona unanifilisi? Kila wiki unashusha tu."

"Nashusha nini chako?"

"Hizo zako. Ninazo zote."

"Sasa si ungeuza?"

"Nani amekuambia nauza?"

Kumbe hisa inaweza kukaa kimya kwa sababu mwenyewe ameishikilia. Mimi mkadiriaji mzima hilo halikunijia kichwani. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikarudisha bei ya siku ya kwanza, na tangu hapo nilikuwa nakaa benchi la nyuma yake. Nilitaka kumuuliza kwa nini alizinunua. Sikuuliza, niliogopa ataniambia ni huruma.

Kisha akaacha kuja. Kinyozi akasema yule mshonaji amefunga kibanda, amerudi kwao Siaya, na harudi. Mwalimu akaniambia nipange bei mpya, hisa zangu ziuzwe tena.

"Haziuzwi," nikasema. "Zina mwenyewe."

"Mwenyewe si ameenda, fundi."

"Ameenda, lakini hajauza."

"Kwani alikuambia atarudi? Alikuaga?"

Watu walikuwa wamegeuka wananitazama. Nikamwambia hapana, hakuniaga.