Vidole Viwili vya Kenga

Kenga wa Tsuma alikuwa mchukuzi wa maji, na kwa maringo hakuwa na mwenzake Malindi nzima. Debe moja mbele, jingine nyuma, mti begani, huyo akikata vichochoro na hata tone lisimwagike. Ukimwambia hiyo ni kazi ya nguvu tu, ole wako! Ni kazi ya akili, atakwambia, na atakusimamisha juani mpaka ukubali.

Asubuhi moja ya mwaka wa themanini na moja aliingia uani kwa mteja wake aitwaye Bi Harusi, akamkuta binti wa nyumba hiyo, Hindu, ameinamia daftari, machozi yamtoka.

"Kuna msiba?"

"Shikamoo, Mjomba Kenga. Ni fizikia."

Kenga hakujua fizikia ni mdudu gani. Hindu akamweleza. Yeye yuko kidato cha pili, na Mwalimu Ochola amesema atakayeanguka hesabu tano za wiki hii atatolewa darasa la fizikia, apelekwe ushonaji. Naye Hindu alitaka kazi ya kupiga picha za mifupa hospitalini. Tangu alipoiona picha ya mguu wa babake uliovunjika, hakuwa na hadithi nyingine. Bila fizikia, basi tena.

"Hebu nisomee."

Akamsomea, akimfasiria: mtu amebeba mti wa mita mbili, upande huu kilo ishirini, upande ule kumi. Bega aliweke wapi?

"Lo! Kitabu kimeandika habari zangu!" Kenga akamimina nusu ya debe moja mtungini, akajitwika tena, akausogeza mti mpaka bega likawa karibu na debe lililojaa. "Haya, pima!"

Hindu akapima kwa rula. Upande mwepesi, mti ulikuwa mrefu karibu mara mbili. Akazidisha, akarudia kuzidisha, akacheka peke yake. Ile kanuni iliyomkimbia wiki mbili sasa ilikuwa imesimama mbele yake, inatoka jasho.

Laiti Kenga angeishia hapo! Lakini Kenga na kunyamaza, wapi na wapi?

"Na mti wenyewe je?"

"Kitabu chasema tuuchukulie hauna uzito."

"Hauna uzito! Aliyeandika hayo hajabeba hata kikapu. Mti una shina na una ncha, na shina ndilo zito. Sogeza vidole viwili upande wa shina, kila hesabu."

Hindu akasita. Lakini mtu aliyebeba miaka ishirini, utambishia nini? Akasogeza vidole viwili majibu yote matano.

Alirudi kutoka shuleni na misalaba mitano myekundu daftarini. Hakumlaumu Kenga hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomchoma Kenga. Kesho yake wateja walingoja maji wakachoka. Yeye alikuwa ameuchukua mti mtupu, ameshika njia ya shuleni, mtu ambaye hajapata kukanyaga darasa.

"Mwalimu, kosa ni langu," alisema mlangoni, kofia mkononi. "Vile vidole viwili ni vyangu. Vitoe kwa mtoto, hizo sufuri uniandikie mimi."

Ochola akautazama ule mti. Akauweka juu ya kidole chake, katikati barabara, ukaanguka upande wa shina. Akausogeza vidole viwili, ukatulia tuli. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mzee, mti wako una uzito. Wa kitabu hauna. Mwambie afute vidole vyako, nitasahihisha upya."

Kenga aliondoka akinung'unika kwamba watoto wa watu wanafundishwa uongo mchana kweupe. Lakini furaha ilimjaa kifuani hadi akapotea njia ya kurudi. Majibu yakafutwa, yakaandikwa upya, na Hindu akabaki kwenye fizikia.

Mwaka wa themanini na tisa lile bega la Kenga liligoma. Hospitalini akaingizwa chumba chenye mashine kubwa, akapokewa na mwanamke aliyevaa koti jeupe. Kumbe ni Hindu!

"Shikamoo, mjomba. Vua shati, simama hapa."

Hindu akamtazama, akaitazama mashine, akatikisa kichwa.

"Sogea kushoto kidogo."

"Kiasi gani, mwanangu?"

"Vidole viwili."

Picha ya kwanza iliharibika, maana Kenga alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Ikabidi wapige ya pili.