Sindano Niliyoiona Kwenye Eksirei

Mimi ni yule msichana wa kidato cha tatu ambaye hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona. Lakini jana nilipayuka.

Eedo Hodan, shangazi yangu, ni daktari. Yeye husoma eksirei za hospitali za mbali kwenye kompyuta, hapa nyumbani Waberi, mjini Garissa. Alipokwenda kuswali adhuhuri, nilichungulia picha ya mama mmoja aliyeko Wajir. Shingoni palikuwa na sindano, nyeupe pe! Nikajiambia, leo siogopi, naokoa mtu. Nikachukua simu ya Eedo nikapiga huko.

"Mgonjwa amemeza sindano! Msimpe hata maji. Mleteni Garissa upesi!"

Kwa kuwa namba ilikuwa ya Eedo, waliamini. Aliporudi, simu ikalia, akaweka spika.

"Daktari," nesi akasema, "mgonjwa amekataa kupanda ambulansi."

Kisha mama mwenyewe akafoka: "Wallahi sijameza kitu! Hiyo ni pini ya hijabu yangu, nilisahau kuitoa. Daktari gani huyo hajui pini?"

Eedo akanitazama mimi na hijabu yangu, akanisogezea simu.

"Haya, daktari. Mjibu mgonjwa wako."