Katazo la Mama Léonce

Mimi Usumani, fundi cherehani wa Gisimenti hapa Kigali, ulimi wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile ulimponza mwingine. Nilimwambia jirani yangu wa biashara, Xavérine, muuza dagaa, "Mama mwingine angenyamaza, na leo angekuwa na mtoto." Alifunika dagaa wake kwa kitenge, akaenda zake nyumbani Kicukiro saa nne asubuhi, wateja wakimwita. Najuta mpaka leo.

Kisa chenyewe ni hiki. Xavérine ni Mrundi, na mwanawe wa pekee, Léonce, alikuwa askari jeshi huko kwao. Vijana walipoingia barabarani kuandamana, na wanajeshi wakapelekwa na bunduki zao, mama huyu alimpigia simu. Hakumbembeleza. Alimkataza kwa ziwa alilomnyonyesha: akimwelekezea bunduki mtoto wa mwenzake, asimwite tena mama. Huku kwetu, mama akishataja ziwa lake hakuna rufaa. Mtu atamdanganya padri, atamdanganya hata shehe, lakini katazo hilo hathubutu kulivuka. Léonce alijibu, "Ndiyo, mama." Mama hakuisikia tena sauti yake; zilizomfikia ni habari kwamba ameuawa.

Ingrid, mke wa Léonce, alikimbilia Kigali akaishi na mama mkwe wake nyumba moja. Miaka yote hiyo walikula sahani moja bila kusemezana zaidi ya chumvi na maji. Ingrid aliamini kuwa lile katazo ndilo lililomuua mumewe. Xavérine naye, kila mgeni kutoka Burundi alimuuliza swali lilelile: mwanangu aliinua bunduki? Hakuna aliyejua.

Mwezi uliopita alifika hapo kwetu Niyongabo, mwanamume wa makamo, mchuuzi wa dagaa kutoka Burundi, na gunia begani. Xavérine alimuuliza swali lake, naye aliposikia jina la Léonce akalishusha gunia.

"Wewe ndiye mama ya Léonce? Mimi nilikuwa pale, mama. Tulikuwa tumekaa chini, katikati ya barabara. Mkubwa wao akaamuru wapige. Askari mmoja akaweka bunduki chini, akasema kwa nguvu, 'Mimi mama amenikataza kwa ziwa lake.' Wenzake wakatazamana. Mmoja akashusha yake, kisha mwingine, hadi wote. Nao wana mama zao. Tukarudi nyumbani wazima."

"Na yeye?"

"Walimpandisha kwenye lori. Siku ya tatu tukasikia wamemuua."

Ingrid alikuwa ameleta chakula cha mchana, amesimama nyuma yetu na sufuria mkononi. Xavérine alilia, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia.

"Fundi," akaniambia, "ulisema kweli. Ningejua, ningenyamaza. Mungu anisamehe, ningewaacha hao wote wafe."

Niyongabo aliinamisha kichwa, maana alikuwa mmoja wa hao wote. Hakukasirika. Nadhani hata mimi ningekuwa yeye nisingekasirika.

Ingrid aliweka sufuria chini, akaketi karibu na mama mkwe wake, akamshika mkono.

"Mama," akasema, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, "na mimi nilimpigia simu siku ile. Nilimwambia atii wakubwa wake, afyatue kama wenzake, ili arudi nyumbani. Akakusikiliza wewe."