Code ya internet na courant ya jirani

Juzi, hapa Bungulu, fundi alikuja kuniwekea internet nyumbani. Mama jirani akasimama mulangoni na beseni mukononi.

"Papa, utatupatia code ya kuingilia internet? Batoto batafute masomo yabo."

Nikajibu mbio: "Bado, mama. Fundi atarudia juma ijayo kuipanga."

Fundi akaacha kufunga mufuko wake, akanitazama. "Hapana, papa. Hii machine, ukiipatia courant ya umeme tu, inajipanga yenyewe. Iko inatumika tangu asubui."

Macho ya mama yakafuata rallonge, waya murefu wa umeme, toka kwa machine, kupita dirishani, juu ya lupango, ukuta wa katikati yetu, mpaka kwa panneau solaire ya jua juu ya nyumba yake.

"Rallonge ibakie tu," akasema pole, akaenda.

Hata maneno haya nayatuma kwa gazeti na courant yake. Code nimeiandika kwa karatasi. Kuvuka lupango kumupelekea ndiyo imenishinda.