Meza ya Wawili Makau

Nilikwenda Makau, mji wa kamari huko Uchina, nikiwa na hofu moja tu, nayo ilihusu mbuzi ya kukunia nazi. Subirini, mtaelewa.

Kijana wetu Shaibu anafanya biashara Uchina. Baada ya msimu wa korosho akapiga simu: "Baba, njooni mpumzike. Nimewalipia hoteli, wewe na mama." Mimi ni fundi cherehani wa Chikongola mjini Mtwara, kupumzika sikujui, nikataka kukataa. Mke wangu Somoe akasema yeye atakwenda, na tukirudi atabaki Dar es Salaam kwa binti yetu Zuhura, apumzike zaidi.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka nipumzike."

Nikadhani ni maneno tu ya mtu aliyechoka.

Mtwara, alfajiri. Tulipofika stendi ndipo nikaona kilichofungwa kwa kanga juu ya begi lake: mbuzi yake ya nazi, aliyoingia nayo nyumbani kwangu Magomeni ya Mtwara akiwa bi harusi. Jamani, mwanamke akibeba nguo, anatembea. Akibeba mbuzi, anahama. Nikamuuliza ya nini, akajibu kuwa ya Zuhura haikuni vizuri. Kutoka hapo mpaka Lindi sikuona hata mnazi mmoja, ingawa minazi imejaa barabara nzima.

Mbagala tulilala kwa Zuhura. Asubuhi niliikuta mbuzi imeshawekwa jikoni kwake, pembeni ya jiko la gesi, imetulia. Mimi nikaenda uwanja wa ndege na mke ambaye mbuzi yake imeshahamia kwingine.

Hong Kong alitupokea Shaibu, amenenepa, mashallah. Akatupandisha basi linalopita juu ya daraja refu kuvuka bahari. Nilisoma dua zote ninazozijua, zikaisha, bahari haijaisha, nikaanza upya. Somoe alilala fofofo. Shaibu alitufikisha hotelini Makau, akatuonyesha kwenye simu picha ya samaki na wali ili tujue kuagiza, kisha akarudi kwenye biashara zake.

Hoteli yenyewe sijui niisemeje. Ukitaka kwenda chumbani lazima upite katikati ya ukumbi wa kamari, taa zinawaka mpaka macho yanauma. Nilishusha kofia usoni nikapita upesi, kamari ni haramu hata kwa macho. Somoe alipita taratibu, anawatazama mmoja mmoja.

"Baba Shaibu, hawa wamefiwa?"

"Wanacheza."

"Mtu anacheza na sura ya matanga?"

Mbele kidogo kulikuwa na mfereji ndani ya nyumba, watu wanaendeshwa kwa mashua, na juu yake mbingu ya buluu yenye mawingu. Nikakaa kwenye benchi kusubiri jua lizame niswali magharibi. Nikasubiri. Mawingu hayasogei. Somoe akanitazama, akatazama juu, akasema, "Hiyo ni rangi ya ukutani, bwana. Ukiisubiri izame utakutana na kiama." Alikuwa ameuliza saa kwa ishara na magharibi ilishapita. Nikaenda kulipa swala yangu nikiwa mdogo kabisa.

Usiku huo, mgahawani, ndipo balaa lilipoanza. Kwetu mimi hula barazani na majirani, yeye hula jikoni na watoto, na ndivyo walivyokula baba zetu. Sasa hapa tumewekewa kameza kadogo, viti viwili, uso kwa uso. Nikageuza kiti nitazame ukuta. Mhudumu akaja, akainama kwa adabu, akakirudisha. Nikakigeuza tena. Akakirudisha tena, anatabasamu. Somoe alikuwa ameficha mdomo kwa mtandio, mabega yanatetemeka.

"Kaa, baba Shaibu. Siumi."

Samaki wa kuchoma akaja na pilipili. Somoe akaonja, akafumba macho. "Hii pilipili ya shangazi zangu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji," akasema. "Mreno aliyewatawala wao kapita huku pia." Kisha akaanza kumwigiza yule mhudumu anavyoinama, na mzee wa kamari aliyekuwa akipuliza vidole vyake kabla ya kugusa karata. Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Miaka yote nikiwa barazani nilisikia kicheko kutoka jikoni, nikiuliza kwa sauti mnacheka nini, kimya. Kumbe chanzo ni huyu.

Nikamwambia, "Wewe una vituko hivi, mbona sikujua?"

"Ungejulia wapi? Tangu Zuhura aolewe nakula na paka. Na paka hacheki."

Aliyasema akichambua miba, bila hasira. Niliumia sana. Nikamtolea miba samaki wake, basi.

Siku zilizobaki hatukupanda mashua wala kupiga picha nyingi. Tulikula. Kila mlo mimi ndiye niliyewahi mezani, na mhudumu akiniona anashika kiti changu kwa mikono miwili, kwa tahadhari.

Mbagala, wakati wa kurudi. Basi la Mtwara linakaribia kuondoka, begi langu liko mlangoni, la Somoe haliko. Zuhura anachemsha chai. Nikaona nikinyamaza nimekwisha.

"Mama Shaibu, twende nyumbani. Nitakula na wewe."

"Jikoni?"

"Jikoni."

"Na Bakari akiwepo?"

Bakari ni jirani yetu, habanduki barazani kwangu, na mdomo wake unafika Mikindani kabla ya basi. Nikasema, "Na Bakari akiwepo."

Akamgeukia binti yake. "Zuhura, nipe mbuzi yangu."

Magomeni, mchana wa kesho yake. Bakari amekuja mapema kusikiliza habari za Makau. Somoe akaleta sinia barazani kama kawaida, akaliweka, akaondoka bila kunitazama. Nilijua napimwa. Nikachukua sahani yangu, nikasimama.

"Wapi?" Bakari akauliza.

"Jikoni."

"Una nini? Umeugua huko Uchina?"

"Nimejifunza kukaa mezani."

"Jikoni kwako kuna meza?"

Haikuwepo. Hata kiti hakikuwepo. Nikaangaza, nikaikalia mbuzi ya nazi, sahani mapajani, magoti yamegusa kidevu. Somoe akasogeza bakuli la mchuzi katikati yetu.

"Hapo ni pangu," akasema. "Leo wewe ni mgeni. Kesho uje na kigoda chako."