Karoti Mbele ya Kisu

Mdogo wangu hupima kitu kisichoonekana kwa macho. Ndani ya mashine ya kukatia mabati mna kompyuta ndogo kama kiberiti. Mkono ukivuka mstari wa mwanga ulio mbele ya kisu, kompyuta hiyo hupewa muda mfupi kuliko kupepesa jicho kukisimamisha. Ikichelewa kidogo tu, kidole hakipo.

Asubuhi niliyompitia karakanani, alikuwa amerudia jaribio mara elfu arobaini bila kosa. Msimamizi alishika fomu ya makabidhiano. Kando yake alisimama fundi ambaye angeanza kuitumia mchana huo. Walimwita Mzee Tisa tangu mashine ya zamani ilipomla kidole.

"Binti, tia saini basi," alisema. "Nilizaliwa na kumi, nina tisa. Ukikawia nitazeeka navyo hivi hivi."

"Ndivyo ninavyotaka, mzee. Uzeeke navyo vyote."

Mdogo wangu akachomoa waya uliokuwa ukimletea taarifa za kila pigo la kisu.

"Sasa utajuaje?" msimamizi akahamaki.

"Kuniandikia taarifa kunaipotezea kompyuta muda. Huko kazini haitakuwa na waya wangu. Nataka kuiona ikiwa peke yake."

Akafunga karoti kwenye mkono wa chuma unaoingia na kutoka penye kisu.

"Nilete na chumvi?" Mzee Tisa akauliza.

Kisu kikashuka, kikasita, kikapanda. Karoti ikatoka nzima. Tena. Na tena. Nimefundisha hesabu miaka kumi na saba, lakini pale niliduwaa. Kitu kisicho na moyo kilikuwa kikitimiza ahadi, pigo baada ya pigo, ndani ya upenyo wa muda ambao akili yangu haiwezi hata kuugusa. Binadamu gani amewahi kunitimizia hivyo?

Pigo la elfu tatu na kumi na moja, kipande cha karoti kikaanguka sakafuni.

Mdogo wangu akainama, akakiokota.

"Mle ndani kompyuta ina kazi mbili, kukiendesha kisu na kukisimamisha," alisema taratibu. "Waya wangu ulikuwa unaichelewesha moja, zinapishana. Bila waya, mara moja moja zinagongana, na kusimamisha kisu kunangoja zamu."

Nilimtazama mtoto niliyewahi kumbeba mgongoni, nikaona haya kwamba sikuwahi kumuuliza kazi yake ni nini hasa.

Msimamizi akaichana fomu. Mzee Tisa akatia mikono mifukoni, yote miwili.

"Anza upya, mwanangu."

Mdogo wangu akazima umeme, akavuta kiti, akaanza kusoma maagizo yanayoiendesha ile kompyuta, kuanzia mstari wa kwanza.