Anayesifu Aoshe Vikombe

Chumba cha kazi cha Dada Tovuti kiko juu ya duka la viatu, na kukifikia ni lazima upande ngazi yenye vidato kumi na saba. Kipini, aliyekuwa mwenzake kazini, alishikilia kwamba ni kumi na nane. Walibishana juu ya jambo hilo miaka mitano mizima, watu wazima na akili zao, na hakuna hata mmoja aliyekubali kutoka wahesabu pamoja. Ubishi ulikuwa mtamu kuliko jibu.

Jina la Dada Tovuti alipewa na wateja, maana ndiyo kazi yake: kubuni tovuti za wenye maduka, madaktari wa meno, mafundi na shule za udereva. Chumbani mna meza mbili zinazotazamana. Ya dirishani ni yake. Ya pili ilikuwa ya Kipini, na sasa imekaliwa na mafaili, feni iliyokata roho na rundo la nguo ambazo mama yake Dada Tovuti, anayeishi naye chumba cha nyuma, huahidi kuzipiga pasi kesho. Kesho hiyo ina miaka.

Enzi za Kipini, Ijumaa ilikuwa na sheria zake. Ikitimia saa kumi alasiri, kazi za wateja zinafungwa. Kila mmoja anatengeneza ukurasa mmoja kwa saa moja, wa kitu kisicho na mwenyewe wala mnunuzi: kiatu kilichopoteza mwenzake, feni inayokoroma, paka wa dukani anayechagua wa kumsalimia. Kisha wanabadilishana viti. Kila mmoja anaukagua ukurasa wa mwenzake na kutaja kasoro moja, moja tu, na kusifu ni marufuku. Anayesifu anaosha vikombe vya chai. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Kipini alikuwa akisema, akitikisa kichwa mpaka kipini cha puani kilichompa jina kinameta. Na jicho alikuwa nalo, si mchezo. Kitufe kikikaa kombo kwa unene wa unywele, yeye anakiona. Dada Tovuti ananuna, anarekebisha, na Ijumaa inayofuata mkono wake unakuwa mwepesi zaidi. Yote ya maana aliyoyajua aliyapatia kwenye kile kiti.

Halafu Kipini akapata kazi nchi ya mbali, akaenda. Walikubaliana Ijumaa iendelee kwa kutumiana, na kwa miezi mitatu iliendelea. Ukurasa wa mwisho aliotuma Kipini ulikuwa wa dirisha la chumba chake kipya. Ukibonyeza linafunguka, na huko nje watu wanapita, wanapita, hakuna hata mmoja unayemjua. Siku hiyo Dada Tovuti alikuwa na mteja mwenye haraka, akasema atajibu jioni. Jioni ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa mwezi, mwezi ukazaa aibu, na mtu akishaona aibu ndio kabisa hajibu. Sasa ni miaka saba. Sikukuu zikifika wanatumiana salamu zenye picha za maua, zile zile ambazo watu wote wanatumiana.

Ajizi ni nyumba ya njaa, ingawa njaa ya Dada Tovuti haikuwa ya tumbo. Wateja hawakupungua. Alikuwa na kiolezo kimoja, ukurasa ulio tayari alioupa jina la Mama wa Wote, na kila tovuti ilizaliwa humo: anabadilisha rangi, picha na jina, na kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Wateja walimsifu sana. Masomo ya video ya kuongeza ujuzi alinunua kumi na moja, na yote aliyaachia somo la tatu, pale mwalimu anaposema, "Sasa jaribu mwenyewe." Kila Ijumaa saa kumi alikuwa akiitazama ile meza ya pili, moyo unamuuma, halafu anarudi kwa Mama wa Wote.

"Tangu mwenzio aondoke hujagombana na mtu humu ndani," mama yake alimwambia siku moja. "Si dalili nzuri, mwanangu."

Jumatano moja fundi wa majeneza akapanda ngazi. Tovuti yake ilikuwa na siku nne tangu ianze kuonekana. Alikuwa mtu mnene, vumbi la mbao limekaa mpaka kwenye nyusi. Alikataa kiti, akaweka simu mezani.

"Binti, hebu nisomee hapo chini."

Dada Tovuti akasoma. Chini ya picha za majeneza, kwa herufi za madaha, yalikuwapo maneno ya saluni aliyoitengenezea tovuti mwezi uliotangulia, ambayo alisahau kuyaondoa: *Asante kwa kututembelea. Ukija mara moja, utarudi tena na tena. Lete rafiki, nyote mpate punguzo!*

"Fundi, nisamehe. Yaani hata sijui niseme nini."

"Kuna mjane aliyecheka mpaka akalia, huyo yakaisha. Wa pili ni kijana kafiwa na baba yake. Kasoma, kainuka, kaondoka. Alidhani namfanyia mzaha. Nimemfuata mpaka barabarani namwomba radhi, na mwenyewe sijui hata nimekosa nini."

"Nayafuta sasa hivi."

"Futa."

Alisimama mpaka yakafutika. Kisha akaichukua simu, akaupitia ukurasa wote kwa kidole, taratibu, kama anavyopapasa ubao uliotoka kupigwa randa.

"Mimi huu ni mwaka wa thelathini," akasema. "Kila jeneza napima upya. Watu hawalingani hata wakilala. Hii ya kwangu uliipima lini?"

Uongo ulimjia Dada Tovuti mpaka mdomoni, akaumeza. "Sikuipima, fundi."

"Nilijua. Imenyooka, haina neno, ila si yangu. Njoo karakana Jumatatu unipime."

Akashuka zake, ngazi ikilalamika. Dada Tovuti akaketi, akalia. Alilia kwa ajili ya yule kijana aliyeondoka, akalia kwa aibu, na zaidi ya yote akalia kwa sababu miaka saba ilikuwa imepita tangu mtu amwambie kasoro yake usoni. Alitamani Kipini awepo siku ile kwenye meza yake ya pili.

Ijumaa aliamka na kuiondolea meza ya pili mizigo yake. Nguo alimpelekea mama yake mikononi.

"Mama, hizi unazipiga pasi leo au tuzizike?"

"Tuzizike kwenye nini, na fundi wa majeneza umeshamuudhi?"

Saa kumi alimfunga Mama wa Wote, akafungua ukurasa mweupe. Nusu saa ya kwanza hakutoka na kitu. Mkono ulikuwa unakimbilia yale yale, kichwa cha habari juu, picha katikati, kitufe chini, na kila mara alifuta. Kidogo tu angekata tamaa. Ndipo akasikia mtu akipanda kuuliza bei ya viatu, kapotea njia, na sauti ya miguu yake ikampa la kufanya. Akatengeneza ngazi. Ukisogeza ukurasa unashuka kidato kimoja, na kila kidato kina neno moja lililowahi kusemwa pale. *Nimesahau funguo. Nani kala biskuti zangu? Mteja kaikataa bluu.* Kwenye kidato cha mwisho, cha kumi na saba, aliandika alichosema Kipini siku ile akiwa na sanduku: *Usinisindikize, nitalia.*

Saa ilikuwa imepita, na haukuwa ukurasa mzuri sana. Lakini ulikuwa wake.

Kisha akautafuta ule ukurasa wa dirisha. Ulikuwa bado upo. Akalifungua, akawatazama wale watu wakipita, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi rafiki yake alivyokuwa mpweke wakati akiutuma. Akaukagua kwa jicho la zamani, halafu akaandika: *Kasoro ya dirisha lako: linafunguka, lakini halifungiki. Nimechelewa miaka saba. Nisamehe. Wangu wa leo huu hapa.* Akatuma kabla hajajishauri.

Jibu lilikuja baada ya robo saa. *Jamani! Nzuri sana mwenzangu, hongera!* Na picha ya ua.

Afadhali angenyamaza. Hayo ni maneno anayopewa mtu usiyetaka kumtazama sana, na Dada Tovuti mwenyewe alikuwa amewapa wengi. Akaona Ijumaa yao imekufa kweli, na aliyeiua ni yeye. Akanyoosha mkono kuzima kompyuta. Akausitisha. Liwalo na liwe, akaandika: *Umesifu. Kaoshe vikombe.*

Chini wenye duka walianza kuvuta milango ya chuma. Mama yake alileta chai, akaiona meza ya pili ilivyo tupu, akaipangusa kwa upindo wa kanga bila kuuliza kitu. Ilikaribia saa kumi na mbili simu ilipowaka.

Ilikuwa picha: kikombe kimoja kimefudikizwa kando ya sinki, kinachuruzika maji. Chini yake Kipini ameandika: *Kimoja tu, naishi peke yangu. Kasoro: ni vidato kumi na nane.*

Dada Tovuti akatoka mpaka juu ya ngazi, akapiga simu. Ilipopokelewa hakusalimia, maana asingeweza kusalimia bila kulia.

"Moja," akasema, akikanyaga kidato cha kwanza.

"Hiyo ni mbili," ikajibu sauti ya Kipini, imekwaruza, ile ile. "Umeruka kizingiti."